Limepita barazani, mabati yako wapi?

Safu ya Mzee wa Mihtasari: wasomaji wanauliza, mzee anajibu

Barua za mwezi huu zimekuja kwa mkupuo na karibu zote zinahusu halmashauri. Sishangai. Mabaraza ya madiwani ya robo ya kwanza ya mwaka wa fedha yanakaa, minada ya korosho imeanza, watu wana vijisenti mfukoni na wamepata muda wa kuuliza fedha za umma zimekwenda wapi. Kwa msomaji mgeni: mimi ni mstaafu. Niliajiriwa baada ya halmashauri kurudishwa mwaka 1984 (zilifutwa mwaka 1972, wazee wenzangu wanakumbuka enzi za Madaraka Mikoani), nikakaa dawati la vikao katika halmashauri mbili za huku kusini mpaka umri wa kustaafu. Kazi yangu ilikuwa kuandaa makabrasha (nyaraka za kikao), kukaa nyuma ya Mkurugenzi na kuandika nani kasema nini. Hizo halmashauri sizitaji, maana bado nanunua samaki soko moja na watu niliowaandika.

*

*Shikamoo Mzee. Kijijini kwetu tulichanga, tukafyatua matofali, tukasomba maji kichwani, boma la zahanati likafika kwenye lenta. Sasa ndani yake imeota mibono. Kila mkutano diwani anasema "hilo limeshapita barazani". Kitu kikipita barazani si ndiyo kimekwisha? Mabati yako wapi?*
*Mama wa vikoba, mkoa wa Lindi*

Marahaba mama. Diwani wako huenda hajadanganya, ila kakupa nusu ya habari. Barazani vinapita vitu vingi na havina uzito sawa. Inawezekana baraza lilipokea taarifa ya kata yenu, na ndani yake zahanati ikatajwa kwa sentensi moja. Hapo limepokea tu, hakuna shilingi iliyotengwa. Inawezekana lilipitisha mpango na bajeti ya mwaka, na boma lenu limo kwenye kitabu. Hapo limetengewa, lakini fedha haijaingia akaunti yoyote. Au fedha imekwishaingia na Kamati ya Fedha imeletewa taarifa yake. Ikifika hapo ndipo unaweza kuanza kutega sikio kusikia lori la mabati.

Safari yenyewe ni ndefu. Wakati huu wa korosho ndipo vitongoji na vijiji vinatakiwa kukaa na kutaja vipaumbele vyao, kwa ule utaratibu wa fursa na vikwazo. Vipaumbele vinapanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako mwenyekiti ni diwani na katibu ni mtendaji wa kata. Kutoka hapo vinakwenda kwa wataalamu wilayani, na huko ndiko kisu kinakopita, kwa sababu Hazina inatuma ukomo wa bajeti na ukomo huo haubebi madai ya kata zote. Kinachosalia kinapita Kamati ya Elimu, Afya na Maji, kinapita Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, kinaingia barazani kati ya Januari na Machi, halafu mkoani, halafu Dodoma, mpaka Bunge lipitishe na mwaka mpya wa fedha uanze tarehe 1 Julai. Boma likiwa halimo kitabuni mwezi Machi, msikae mkisubiri Julai. Anzeni kujiandaa na vikao vya Oktoba inayofuata.

Kisha kuna suala la chanzo. Uliza kama boma lenu limepangiwa ruzuku ya Serikali Kuu au mapato ya ndani. Zile shilingi milioni 50 kwa boma moja la zahanati, ambazo vijiji vingi nchini vilizipata, zilitoka Serikali Kuu. Mapato ya ndani huku kwetu maana yake ni korosho, na kwa Lindi ongeza ufuta na mbaazi. Ushuru wa mazao ya biashara ulikuwa asilimia 5, ukashushwa kuwa asilimia 3 mwaka 2017. Kwa hiyo kilo ya korosho ikiuzwa mnadani kwa shilingi 3,000, halmashauri inapata shilingi 90. Tani nzima inaleta shilingi 90,000. Nenda dukani kaulize bei ya bati moja, halafu piga hesabu mwenyewe ni tani ngapi zinahitajika kuezeka zahanati moja, na wilaya ina maboma mangapi. Ubwiriunga, ule ukungu wa mikorosho, ukipiga maua, salfa ya kuupulizia ikachelewa, korosho ikapungua ghalani, kilichoandikwa kwenye mapato ya ndani kinabaki karatasini. Nimeona bajeti nzuri sana zikifa Januari, na hakuna aliyeiba.

Mkutano ujao wa kijiji, na sheria inataka ufanyike angalau kila miezi 3, usimuulize diwani mabati yako wapi. Muulize limepita kikao gani, cha tarehe ngapi, kwa ajenda ipi, na limepangiwa fedha kutoka wapi. Akisema "nitafuatilia", mwombe mtendaji wa kijiji aandike jibu hilo kwenye muhtasari hapo hapo, na mkutano ukiisha aje awasomee alichoandika.

*

*Shikamoo babu. Nipo Masasi mjini, naendesha bodaboda. Nimesikia baraza la madiwani mtu yeyote anaingia. Washkaji kijiweni wananicheka, wanasema nitatolewa na mgambo. Ni kweli naweza kuingia? Na nikiingia naruhusiwa kuuliza swali?*
*Kijana wa bodaboda, Masasi*

Marahaba mjukuu wangu. Ingia. Mikutano ya baraza iko wazi kwa wananchi na waandishi wa habari. Kuuliza ndiyo hapana. Wewe ni msikilizaji, na msikilizaji hapigi makofi, hazomei, simu anaizima.

Tarehe utaiona kwenye ubao wa matangazo wa halmashauri au ofisi ya kata. Baraza la kawaida hukaa kila baada ya miezi 3, na mara nyingi huchukua siku mbili. Siku ya kwanza ni ya taarifa za kata: kila diwani anasimama na kusoma za kwake, shule ipi haina madawati, kisima kipi kimeharibika, vyoo vingapi vimetitia. Inachosha, sikufichi, lakini hapo ndipo utasikia kata yenu imesemewa nini, na utajua kama diwani wenu anasoma taarifa aliyoiandaa au anaiona kwa mara ya kwanza kama wewe. Siku ya pili zinakuja taarifa za kamati. Utakuta waheshimiwa wamevaa majoho, mwenyekiti mbele, Mkurugenzi ambaye ndiye katibu wa baraza yuko ubavuni pake, na wakuu wa idara wamekaa upande mmoja na mafaili mapajani, kila mmoja anaomba kimoyomoyo asitajwe.

Swali lako mpe diwani kabla, kwa karatasi. Si asubuhi ile ile anapovaa joho, maana hapo akili yake yote iko kwenye taarifa anayokwenda kusoma. Likifika suala la nidhamu ya mtumishi, baraza linajigeuza kamati na wageni mnaombwa kutoka nje. Toka bila ubishi, utarudi wakimaliza.

Kama una siku moja tu ya kuegesha pikipiki kwa mwaka mzima, usiipoteze kwa baraza la kawaida. Subiri baraza maalumu la kujadili hoja za CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali), ambalo aghalabu hukaa Juni na Mkuu wa Mkoa huwa anakuja. Siku hiyo mafaili hayakai mapajani, yanafunguliwa.

*

*Mzee mwenzangu, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu hapa Mikindani. Nilikwenda kusikiliza baraza. Muda mrefu wa mwanzo ulikwisha kwa dua, kuthibitisha ajenda, kuthibitisha mihtasari, ukurasa wa kwanza, ukurasa wa pili, "tuendelee", "tuendelee". Nilisinzia. Hivi hii si namna ya kuhalalisha posho tu?*
*Mwalimu, Mikindani*

Mwalimu, hapo umeigusa kazi niliyoifanya ujana wangu wote, kwa hiyo utanivumilia nikirefusha.

Posho ipo, na wapo wanaokuja kwa ajili yake. Lakini ule muda uliousinzia ndio wenye mali. Muhtasari ukishathibitishwa na kutiwa saini na mwenyekiti na katibu, ndio ushahidi wa kilichoamuliwa. Siku mkandarasi akidai aliahidiwa, siku mkaguzi akiuliza nani aliidhinisha, siku kijiji kikisema eneo lile lilitengwa kwa soko, hakuna anayeulizwa anakumbuka nini. Linafunguliwa jalada la mihtasari. Diwani anayepokea kabrasha usiku na kusema "tuendelee" asubuhi amethibitisha kitu ambacho hajakisoma, na kama karani kakosea jina la kijiji, basi mradi umehamia kijiji cha pili kwa kura yake mwenyewe.

Baada ya kuthibitisha inakuja ajenda ya yatokanayo. Ningekuwa na uwezo ningewafundisha madiwani wapya ajenda hiyo peke yake na kuwaacha mengine wajifunze mbele ya safari. Pale yanaorodheshwa maazimio ya kikao kilichopita, upande mmoja azimio, upande wa pili utekelezaji. Na upande wa pili, Mwalimu, ndipo penye ugonjwa. Mkuu wa idara asiyekuwa na la kusema anaandika "utekelezaji unaendelea". Nimeyachapa maneno hayo mara nyingi kuliko jina langu.

Kulikuwa na tangi la maji la shule ya msingi moja. Baraza liliazimia linunuliwe. Robo iliyofuata: utekelezaji unaendelea. Robo nyingine: unaendelea. Waheshimiwa wanapita juu yake, tuendelee. Tulikuwa na diwani mmoja wa viti maalum, mama wa makamo, asiyekuwa na maneno mengi, ambaye alikuwa anakuja na makabrasha ya zamani kwenye mkoba wa ukindu. Si la siku ile tu, ya mwaka mzima. Siku hiyo alisimama, akamwomba mwenyekiti ruhusa, akasoma azimio la kwanza na tarehe yake, akasoma jibu la robo ya pili, akasoma la robo ya tatu. Halafu akauliza: "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba mtaalamu atuambie unaendelea umefika wapi." Akakaa.

Mkuu wa idara alisimama, akashika koti, akasema mchakato wa ununuzi. Mwenyekiti akamuuliza umeanza lini. Haukuwa umeanza. Mwenyekiti akaelekeza tangi liwe shuleni kabla ya baraza linalofuata, na akanigeukia mimi: "Andika tarehe." Niliandika tarehe, nikaandika na cheo cha anayehusika. Tangi lilifika.

Angalia kwamba yule mama hakupiga kelele, hakuitisha waandishi wala hakutaja chama cha mtu. Alikuwa na karatasi za zamani na alizisoma. Nasikia siku hizi baadhi ya halmashauri zinagawa makabrasha kwa vishikwambi. Ni jambo jema, karatasi ni ghali, ila natamani kujua ni wangapi wanarudi nyuma kufungua la mwaka jana.

*

*Mzee, diwani wetu kashindwa kazi. Barabara ya kwenda kwetu kila masika inakatika na maji ya bomba tunayasikia redioni. Tumng'oeje?*
*Mwananchi mwenye hasira, Tandahimba*

Kumng'oa ni kwa kura, na kura ina msimu wake. Ila muwe na haki kidogo: barabara za vijijini na mijini zilitoka mikononi mwa halmashauri mwaka 2017 zikapelekwa TARURA, wakala wa barabara, na maji ya vijijini yakaenda RUWASA, wakala wa maji, mwaka 2019. Diwani wenu hana greda wala bomba. Alichonacho ni mdomo. Mameneja wa taasisi hizo huja kutoa taarifa kwenye vikao vya halmashauri na madiwani huwahoji. Muulizeni mara ya mwisho meneja alipokuja, yeye aliuliza nini kuhusu barabara yenu. Kama hakuuliza kitu, hapo hasira yenu ina mahali pa kutua.

*

*Shikamoo baba. Nanunua makopa (mihogo mikavu) Newala napeleka Mtwara kuuza. Juzi nilikuwa na magunia manne kwenye gari la mizigo. Kwenye geti moja njiani nimedaiwa ushuru wa mazao, nikabishana, nikaambiwa nilipe au gari lisipite, na mwenye gari akaanza kunigombeza mimi. Nikalipa, risiti sikupewa. Ni halali?*
*Mama makopa*

Marahaba binti yangu. Serikali ilitangaza Bungeni mwaka 2017, pamoja na ule upunguzaji wa ushuru niliousema juu, kwamba mazao yasiyozidi tani moja yanayosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hayatozwi ushuru. Magunia manne ya makopa hayafiki hata nusu tani. Kwa mzigo wako hukustahili kulipa. (Mkaa na mbao ni habari nyingine, ile ni maliasili na ina vibali vyake. Usije ukanitaja mimi getini ukiwa na mkaa.)

Lakini lililonikera zaidi ni risiti. Mapato ya halmashauri yanakusanywa kwa mashine ya POS na risiti inatoka pale pale. Fedha isiyokuwa na risiti haijaingia halmashauri, imeingia mfukoni, na baraza haliwezi kuijadili kwa sababu kwenye vitabu haipo. Safari nyingine usigombane sana ukapakuliwa mzigo juani. Taja tani moja kwa upole. Wakikataa, lipa, dai risiti, piga picha ya geti na andika saa. Ukiwa na risiti una kitu cha kumpelekea mweka hazina wa halmashauri husika, na nakala kwa diwani wa kata lilipo geti. Kama risiti haitoki, huna sababu ya kwenda kwa mweka hazina. Ofisi ya TAKUKURU ya wilaya, wale wa kuzuia rushwa, ndiyo yako.

*

*Mheshimiwa Mzee, kijijini kwetu mifugo inaingia mashambani, ufuta unaliwa ukiwa na maua. Tulikaa mkutano mkuu tukatunga sheria ndogo, faini na kila kitu, tukapeleka halmashauri. Mwaka umepita kimya. Wafugaji wanatuambia sheria yenu ni ya midomoni.*
*Mkulima, bonde la Mbwemkuru*

Mimi si mheshimiwa, lakini asante. Jambo lenu ni zito, na wafugaji kwa hilo la sheria wako sahihi: sheria ndogo ya kijiji haina nguvu mpaka baraza la madiwani liiridhie. Halmashauri ya kijiji inaandaa rasimu, mkutano mkuu unatoa maoni na kukubali, inapita kata, inakwenda wilayani, mwanasheria wa halmashauri anaipitia, kamati inaijadili, baraza linaidhinisha. Afadhali yenu inaishia hapo. Sheria ndogo za halmashauri yenyewe lazima ziende mpaka kwa Waziri wa TAMISEMI na kutangazwa katika Gazeti la Serikali.

Mwaka mzima kimya maana yake, kwa uzoefu wangu, rasimu imekwama mezani kwa mwanasheria na hakuna aliyewaambia sababu. Na sababu nazijua kwa kuziona. Ya kwanza ni muhtasari wa mkutano mkuu kukosa orodha ya mahudhurio yenye saini. Kijiji kinaandika "wananchi wote waliafiki", na mwanasheria anauliza wote ni nani. Ya pili ni adhabu za kutisha ambazo sheria mama haziruhusu. Niliwahi kupokea rasimu ya kijiji kimoja iliyosema asiyehudhuria mkutano atatozwa mbuzi, na mbuzi huyo ataliwa na waliohudhuria. Mkutano ule, nadhani, ulipitisha kifungu hicho kwa shangwe. Hakikufika barazani.

Ya tatu ndiyo kubwa kwa vijiji vya kwenu. Tangu wafugaji walipoondolewa bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007, wengi wakielekezwa mkoa wa Lindi, mifugo imezidi kuja, na wako waliopokelewa kihalali kwa maeneo waliyotengewa. Kama kijiji hakina mpango wa matumizi bora ya ardhi, kwa ile sheria ya mwaka 2007, sheria ndogo inayosema "marufuku kulisha mashambani" haina ramani ya kusimamia. Shamba linaanzia wapi? Malisho yanaishia wapi? Njia ya kwenda mtoni kunywesha ni ipi? Mfugaji akishtakiwa atauliza hayo, na hakimu atawageukia nyinyi.

Nendeni wawili, mwenyekiti na mtendaji, si msafara. Muoneni mwanasheria wa halmashauri, mwambieni mnataka kuona rasimu imekwama wapi na awaandikie marekebisho anayotaka. Hapo hapo ulizeni idara ya ardhi foleni ya mipango ya matumizi ikoje na kijiji chenu ni cha ngapi. Na kama mmekwisha kumpokea mfugaji kwa makubaliano ya viongozi chini ya mkorosho, bila mkutano mkuu, semeni ukweli huo mapema, kwa sababu utatoka tu.

*

*Kikundi chetu cha akina mama wa kubangua korosho kiliomba mkopo wa asilimia 10. Tunaambiwa "baraza halijakaa". Kweli mkopo wetu unasubiri madiwani?*
*Katibu wa kikundi, Mtwara*

Kwa sehemu. Sheria ilirekebishwa mwaka 2018, na inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Utoaji ulisimamishwa Aprili 2023, ukarudi mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Vikundi vinapitiwa na kamati kuanzia kata mpaka wilaya kabla fedha hazijatoka. Baraza kukaa mara moja kwa robo si sababu ya ninyi kukosa jibu, maana Kamati ya Fedha inakaa kila mwezi. Muulizeni afisa maendeleo ya jamii wa kata ombi lenu liko hatua gani, na kama lilirudishwa, lilirudishwa kwa kasoro gani. Mara nyingi ni katiba ya kikundi au akaunti ya benki, vitu vinavyorekebishika kwa siku moja.

*

*Mzee, nataka kumwandikia Mkurugenzi kuomba muhtasari wa baraza lililogusa kiwanja cha shule yetu. Sijui kuandika barua za ofisi. Nianzeje?*
*Mzazi, Ruangwa*

Andika kwa mkono, Kiswahili cha kawaida, ukurasa mmoja. Juu weka anuani yako na tarehe, halafu "Mkurugenzi Mtendaji" na jina la halmashauri, halafu kichwa: Yah: Ombi la nakala ya muhtasari wa Baraza la Madiwani, na tarehe ya kikao kama unaijua. Kama huijui, taja robo na mwaka wa fedha. Usiandike historia ya kiwanja, usimshtaki mtu, usimtishie. Sema unaomba sehemu inayohusu shule hiyo, kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo inaitaka ofisi ikujibu ndani ya siku 30. Weka namba ya simu inayopatikana.

Barua usimpe mtumishi unayemfahamu akufikishie, hata kama ni shemeji yako. Ipeleke mwenyewe masjala, ukiwa na nakala mbili. Moja wanabaki nayo, ya pili wanagonga muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na wewe unaondoka nayo. Wakikuambia muhuri umefungiwa kabatini na mwenye ufunguo kaenda chai, kaa kwenye benchi umsubiri.